Sura ya Sita: Waliokuta Ukuta Wakauinua

Sisi wa Kanda ya Ziwa tulipofundishwa habari za kuta za kale, kidole cha mwalimu kilielekea pwani: Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kaole, na ng'ambo ya mpaka, Gedi. Waliosoma zaidi waliongezewa Zimbabwe Kuu. Ziwa likaachiwa samaki, pamba, na mpelelezi Speke aliyefika Mwanza Agosti 1858 akatangaza kwamba ameona chanzo cha Nile. Ndiyo maana mtu anaweza kuzaliwa Nyakato, hapa Mwanza, akasoma hapahapa hadi chuo, akazeeka, asiambiwe hata mara moja kwamba upande wa mashariki wa ziwa hilihili, mwendo wa siku moja kwa basi, kuna boma la mawe lenye kuta zinazompita mtu mrefu, lililopangwa bila udongo wala chokaa, na bado limesimama.

Linaitwa Thimlich Ohinga. Liko katika Kaunti ya Migori, Kenya, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, juu ya kilima chenye miti. Wajaluo walilipa jina la msitu mzito wa kutisha, na ingawa mashamba yameula msitu ule pande zote, ndani ya uzio wa hifadhi miti bado imeshonana kiasi cha kuuficha ukuta mpaka uwe umeukaribia kabisa. Wataalamu wanakadiria kwamba lilijengwa pengine karne ya 16. Mwaka 2018, kwenye mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliandika jina lake katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nimeliweka katika kitabu cha Mwanza kwa makusudi. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi mwaka 1886, mstari wao ulifika ziwani kusini kidogo mwa kilima hiki, ukawaacha Wajaluo wa Kadem upande mmoja na ndugu zao wa Shirati na Rorya upande mwingine. Waliolijenga boma hawakuujua mstari huo. Walilijua ziwa. Historia ya ziwa ikikatwa mpakani Sirari inabaki vipande, na watoto wetu ndio wanaopewa vipande hivyo.

Nilikwenda na fundi mwashi wa Mabatini, mzee ambaye amejenga misingi ya nyumba za mlimani tangu ujana wake. Nilitaka mtu ambaye macho yake yamezoea jiwe. Kila anayeijua Mwanza anajua ninachosema: milima ya Isamilo, Igogo, Bugando na Mabatini ni itale tupu, mawe ya zaidi ya miaka bilioni 2.5 yaliyopandiana, na watu wamejenga juu yake, kati yake na chini yake. Nyumba haiwezi kukaa pale mpaka kwanza fundi apange ukuta wa mawe wa kuzuia mteremko, na mara nyingi sehemu ya chini ya ukuta huo hupangwa kavu, kwa sababu kupandisha mchanga na saruji kichwani hadi juu ni gharama. Wapo wanaowasha moto juu ya mwamba mpaka upasuke, wapo akina mama wanaoponda kokoto kando ya njia. Ujuzi wa mawe ni kazi ya kila siku katika jiji letu, ila hauhesabiwi kuwa elimu.

Safari yenyewe haina ugumu. Basi linaondoka Nyamhongolo, linapita Kisesa, ambapo kuna makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, kisha Magu, Lamadi na Bunda, ziwa likijitokeza na kupotea mkono wa kushoto. Ukishavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi nchi inaanza kupanda, na Tarime hewa imeshabadilika. Sirari na Isebania sasa ni kituo kimoja cha mpaka, unagongewa pasi pande zote mbili ndani ya jengo moja. Kutoka Migori tulishika barabara ya Muhuru Bay kisha tukakata kuelekea Macalder, eneo la migodi tangu enzi za mkoloni, na kilichobaki tulimaliza kwa bodaboda. Nendeni wakati wa kiangazi. Udongo wa kule ukilowa, pikipiki haina la kufanya.

Kitu cha kwanza unachokutana nacho ni mlango, na mlango huo ni mfupi. Juu yake kuna jiwe refu lililolazwa kubeba uzito wa ukuta, na chini yake nafasi ya kupita mtu aliyeinama. Kijana anayetembeza wageni alituonyesha kwa nini. Anayeingia kwa amani anainama na hapungukiwi kitu, lakini anayeingia kwa vita anatanguliza kichwa, mikono chini, na aliye ndani anamsubiri amesimama. Karibu na mlango, upande wa ndani, kuna mahali palipoinuka ambapo mlinzi aliweza kuona bonde lote. Fundi aliingia, akatoka, akaingia tena. Kisha akapiga magoti mlangoni na kuanza kuangalia jiwe lililokaa juu ya lingine.

Hebu niueleze ukuta huu sawasawa, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wote. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene kati ya mita 1 na 3. Mawe yaliokotwa palepale kilimani na hayakuchongwa. Zimbabwe Kuu waashi walipasua itale ikatoa matofali yanayolingana, wakayapanga mistari kwa mistari. Kilwa walichonga matumbawe na kuyafunga kwa chokaa. Hapa mjenzi alipewa mawe ya kila umbo, la duara, la pembe tatu, bapa, lenye nundu, na kazi yake ilikuwa kulitafutia kila moja mahali ambapo umbo lake litalifaa. Ukuta una nyuso mbili zinazotazamana, ya nje na ya ndani, zilizopangwa kwa mawe makubwa. Katikati ya nyuso hizo yamejazwa mawe madogo yaliyobanwa mpaka hayachezi, yakazishika pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Na hakuna mahali ukuta unakwenda mstari mrefu ulionyooka. Umepinda, ukapinda tena, na kila pindo linaegemeza linalofuata, kwa hiyo ukuta hauna upande mmoja mrefu wa kuangukia.

Fundi alikuwa na timazi mfukoni, amezoea kutembea nayo. Hakuitoa. Alipitisha kidole kwenye maungio ya mawe, kutoka chini kwenda juu, akionyesha kwamba kila ungio limezibwa na jiwe la juu yake.

"Wamepishanisha," alisema. "Hata pale jiwe lilipokataa, wamelilazimisha lipishane. Ndiyo kanuni yenyewe, hakuna nyingine."

Akasogea hatua kadhaa, akanyamaza kidogo, akaniita. "Mwalimu, njoo uone. Aliyepanga hapa si yule wa pale."

Nilitazama, na baada ya kuelekezwa nikaona. Upande mmoja mawe yalikuwa makubwa, yamechaguliwa kwa subira, nafasi kati yake ni nyembamba. Baada ya hapo kulikuwa na pande la ukuta lenye mawe madogo zaidi, limepangwa kwa mkono mwingine, halafu ukuta wa kwanza ukaendelea. Kijana wetu alitabasamu. "Mzee ameona vizuri," alisema. "Huu ukuta umetengenezwa mara nyingi. Kila waliokuja walirekebisha."

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu Thimlich Ohinga, na linasimuliwa kidogo mno. Wageni wengi huuliza nani alijenga. Swali hilo lina jibu lake: wataalamu wanaona kwamba wajenzi wa kwanza yaelekea walikuwa watu wa lugha za Kibantu waliokaa eneo hili kabla Wajaluo hawajaenea upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Lakini waliofuata hawakuwa wao. Walikuja wengine, wakakaa, wakahama, wakaja wengine tena, Wabantu na Waniloti, kwa karne zisizopungua 3. Lugha ilibadilika ndani ya kuta. Nyimbo zilibadilika, na bila shaka hata namna ya kuzika. Ukuta ukabaki palepale kwa sababu kila kundi lililoukuta lilifanya hesabu ileile: kuziba pengo ni kazi nafuu kuliko kuanza upya, na adui wa mwaka huu hatajali ni nani aliyepanga jiwe la kwanza.

Ukuta wa mawe makavu hauwezi kuachwa ukajitunza. Mvua inaosha udongo chini ya msingi, mzizi unapenya na kunenepa, ng'ombe anasugua ubavu, mtoto anapanda. Jiwe moja likitoka, yaliyo juu yake yanaanza kuulizana. Ukiona ukuta wa aina hii umesimama miaka 400 na zaidi, ujue kuna watu walipita kila baada ya masika wakayarudisha mawe mahali pake, baba na mwanawe, na baada yao mgeni na mwanawe. Sisi tumezoea kusoma historia ya eneo hili kama orodha ya makabila yaliyosukumana: fulani alifika, fulani akafukuzwa. Ukuta wa Thimlich unatoa ushahidi wa jambo la pili lililokuwa likiendelea wakati uleule. Mtu alirithi kazi ya asiye wa ukoo wake, akaiheshimu kwa mikono.

Mabomba, barabara na shule tulizorithi Mwanza zingenufaika na mioyo ya namna hiyo, lakini nirudi kilimani.

Maboma makubwa ndani ya hifadhi ni 4, na yanaitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, majina ya Kijaluo yanayotaja nyumba ya mtu: kwa Ochieng, kwa Oketch, kwa Oluoch. Kochieng ndilo kubwa na ndilo lililohifadhika vizuri zaidi. Ndani yake kuna nyua nyingine ndogo za mawe, za ng'ombe na mbuzi, na mabonde madogo ardhini yanayoonyesha mahali nyumba zilipokaa. Mawe ya kusagia nafaka bado yapo, yamelika katikati. Kwenye mwamba mmoja kuna mashimo yaliyochimbwa kwa safu, ubao wa mchezo wa jamii ya bao ambao Wajaluo wanauita ajua. Fundi alichuchumaa pale, akatia kokoto shimoni kuona kina chake. Mashimo yalikuwa laini, yamesuguliwa na vidole vya watu waliokuwa na jioni ndefu na mlango uliokwisha kufungwa.

Ukitoka nje ya ukuta wa Kochieng unafika mahali walipofua chuma. Utaona mavi ya chuma, mazito na meusi, pamoja na vipande vya mirija ya udongo iliyopeleka upepo wa mivuo ndani ya tanuru. Moto wa kuyeyusha chuma haukutakiwa karibu na nyasi za mapaa, na sauti na moshi wake vilikuwa na mambo yake ya siri na miiko. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta pia shanga za kioo, na kioo hakitengenezwi na mtu wa hapa. Zilitembea mkono kwa mkono kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo aliyelala ndani ya kuta hizi hakuwa amejifungia asijue dunia.

Na kwa chuma ziwa letu lina sifa kubwa kuliko hii. Upande wa pili wa maji, Kagera, kwenye kijiji cha Katuruka, mwanaakiolojia Peter Schmidt alianza uchunguzi mwaka 1970 kwa kuwasikiliza wazee wa Kihaya, wakamwelekeza kwenye mahali pa mfalme Rugomora Mahe. Chini ya ardhi waliyomwonyesha kulikuwa na mabaki ya ufuaji chuma ya miaka kama 2,000. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science, wakionyesha kwamba wahunzi wa kale wa mwambao wa magharibi walikuwa na tanuru za joto kali zilizoweza kutoa chuma cha pua. Chora mstari kutoka Katuruka hadi Thimlich, unapita juu ya maji yaleyale yanayopiga miamba ya Bismarck pale Mwanza mjini.

Mawe nayo yana ndugu karibu. Ukara, kisiwa kidogo kaskazini mwa Ukerewe, ndani ya mkoa wetu, Wakara wamelima ardhi ileile kwa vizazi kwa kujenga matuta ya mawe yanayoshika udongo, na kwa kufuga ng'ombe zizini ili mbolea isipotee. Watu walikuwa wengi na kisiwa hakikuongezeka, hivyo jiwe lililokuwa kero shambani likafanywa kinga ya shamba. Anayesema watu wa ziwa hawakujenga kwa mawe hajapanda kivuko kwenda Ukara.

Jambo lililomaliza maisha ya Thimlich halikuwa vita. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa kikoloni ulishika eneo lote, uvamizi wa mifugo ukapungua, na familia zikaanza kutoka kwenye boma la pamoja kwenda kukaa kila moja shambani kwake. Badala ya mawe walizungushia nyumba zao minyaa. Msukuma yeyote anauelewa uamuzi huo, maana ua wa minyaa ndio uliokuwa boma la Kisukuma: unapanda vijiti, mvua inafanya kazi iliyobaki, na utomvu wake unamfukuza ng'ombe. Ukuta wa mawe unahitaji watu wengi walio tayari kubeba. Watu wengi wakishatawanyika, hauna mwenyewe.

Wasomi walichelewa kufika. Neville Chittick, mtu yuleyule aliyeichimba Kilwa, aliandika taarifa fupi juu ya maboma ya mawe ya Nyanza Kusini mwaka 1965. Serikali ya Kenya ililitangaza Thimlich kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981. Mwaka 2000 liliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo yaliyo hatarini, fedha zikapatikana, sehemu zilizoanguka zikapangwa tena. Ombi la kwanza kwa UNESCO lilirudishwa mwaka 2015 ili lifanyiwe kazi zaidi, na lile la pili likapita.

Nilimwuliza kijana kitu gani kinamwogopesha zaidi. Nilidhani atasema wageni wachache, au fedha. Alionyesha juu ya ukuta wa Kakuku, ambapo mnyaa mkubwa, ule wa matawi manene yanayosimama wima, ulikuwa umeota katikati ya mawe. "Huu," alisema. "Ukiukata, mzizi unaoza na shimo linabaki. Ukiuacha, unasukuma." Fundi alikubaliana naye kwa kichwa. Miti ndiyo iliyouficha ukuta huu usionekane na wezi wa mawe, na miti hiyohiyo inaubomoa. Walikaa wakijadiliana kama matawi yapunguzwe kwanza ili uzito wa juu upungue, mzizi ukauke polepole, mawe ya kujazia yaongezwe kadiri mzizi unavyosinyaa. Mmoja aliongea Kiswahili cha Migori na mwingine cha Mwanza, na sikusikia neno lililohitaji kurudiwa.

Hifadhi ina hekta 21 tu. Nje ya hapo, Nyanza Kusini ina maboma ya mawe zaidi ya 500 yaliyohesabiwa, katika maeneo zaidi ya 130, na mengi yamo ndani ya mashamba ya watu. Mwenye shamba anahitaji msingi wa nyumba, choo, na kingo za kuzuia maji, na mawe yaliyokwisha kukusanywa yako pale, hatua chache kutoka mlangoni. Siwezi kumlaumu. Hakuna aliyemfikia kumwambia kitu, wala kumpa sababu ya kuyaacha. Kibao cha onyo hakitamsaidia. Yangemsaidia malipo ya kulinda, kama yale wanayopewa wakulima wengine kwa kutunza miti, na vijana wa kijiji waliofundishwa kupanga mawe kavu kwa kanuni ya zamani, wanaolipwa ujira wa fundi.

Mafundi wa kuwafundisha wapo. Wako Igogo na Mabatini, wanapanga misingi mlimani kila siku, na wa kwangu ameshasema yuko tayari kurudi na vijana wake wawili endapo atagharamiwa nauli na chakula. Shule zetu hupeleka watoto Saanane na Serengeti kuangalia wanyama, na ni vizuri. Basi linalokwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka linapita Lamadi. Likinyoosha barabara ileile badala ya kukata kulia, linafika mpakani siku hiyohiyo.